Chai ya Chumvi: Safari ya Kutoka Nyali Hadi Mtwapa

Asubuhi moja ya msimu wa kaskazi nilialikwa staftahi nyumbani kwa binamu yangu huko Mishomoroni, nikaandaliwa mahamri, mbaazi za nazi na chai ya maziwa iliyotiwa iliki, vitu ambavyo mkono wa mkewe haujapata kuvikosea tangu siku ya harusi yao. Lakini nilipopiga funda la kwanza nilihisi chumvi ulimini. Nilinyamaza kwa adabu, nikidhani ya kuwa kijiko kimekosea kopo, mpaka mwenye chai mwenyewe alipoinamisha macho akasema, "Niwie radhi, shemeji. Si sukari iliyokosewa, ni kisima. Kimegeuka tangu mwezi wa Rajabu."

Neno lile lilinikaa moyoni. Kwetu husemwa kwamba mtu amegeuka pale anapoacha wema aliozoeleka nao, na sikuwa nimepata kusikia shimo la maji likishtakiwa kwa neno hilo. Kisima kile kilichimbwa na marehemu ami yangu kwa mtaimbo na sururu, akikata jiwe la matumbawe pima baada ya pima, na kwa muda wa miaka arobaini na zaidi kilinywesha nyumba saba bila ya kudai ujira. Nikajiuliza ni kosa gani lililotendwa juu ya ardhi hata maji yaliyo chini yake yakageuka. Na kwa kuwa swali la namna hiyo halijibiwi na mtu aliyeketi, niliazimu kufunga safari ya kilomita kadiri ya 15, kutoka Daraja la Nyali hadi mkono wa bahari wa Mtwapa, mahali kwa miguu na mahali kwa matatu, nikiwa na kikombe cha bati mkobani, na kila nitakapopumzika niulize habari za kisima.

Msafiri atokaye kisiwani Mombasa huvuka leo juu ya daraja la zege lililofunguliwa mwaka 1980, na wachache ndio wabakio wanaolikumbuka daraja la kuelea lililotangulia, la mwaka 1931, ambalo lilipanda na kushuka pamoja na maji ya kujaa na kupwa. Ng'ambo yake palikuwa na mashamba ya katani na minazi. Sasa zimesimama ghorofa, na kuta ndefu zilizopandikwa vigae vya chupa. Pale Kengeleni nilipita karibu na mnara wa kengele ulioupa mtaa jina lake, kengele ya kijiji cha Freretown kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa katika utumwa. Nami nilitafakari ya kwamba watu wale, walioshushwa pwani hawana hili wala lile, walianza uhuru wao kwa kupewa mahali pa kukaa, kwa maana mtu asiye na mahali pa kutua mtungi wake, uhuru wake huwa wa mdomoni tu.

Katika mtaa mmoja wa majumba ya kupangisha nilimkuta bawabu mwenye mvi, ameketi juu ya kiti cha plastiki chini ya kivuli cha mwarobaini. Baada ya kuamkiana nilimuuliza wanakunywa maji ya wapi.

"Ya lori, mwanangu," alijibu. "Kisima kipo, cha mashine, kirefu kupita mnazi. Walipokichimba, maji yalikuwa matamu. Jirani naye akachimba, akaenda chini zaidi. Wa tatu akaleta pampu kubwa kuliko zote. Sasa maji yale twaoshea magari, na magari yenyewe yapata kutu."

Hapa sina budi kusimama kidogo nieleze tabia ya ardhi hii, maana asiyeijua hataelewa neno la bawabu. Mwambao wetu umekaa juu ya mwamba uliokufa, matumbawe yaliyokua chini ya maji zama ambapo bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Na jiwe la matumbawe lina matundu kama sifongo, hata mvua ikinyesha haifanyi mto wala kijito bali huzama papo hapo. Maji hayo ya mvua, yakifika chini, hukutana na maji ya chumvi yapenyayo kutoka baharini, na kwa kuwa ni mepesi kuliko hayo huelea juu yake kama samli ieleavyo juu ya mchuzi. Wajuzi wa elimu ya maji wameipima mizani hiyo: kwa kila futi moja ya maji baridi iliyoinuka kupita usawa wa bahari, ziko futi kadiri ya 40 chini ya usawa huo, na kwa hiyo mwenye pampu akiyashusha maji baridi kwa futi moja tu, chumvi itapanda kutoka chini kwa futi 40 kuja kumpokea. Huo ndio msiba wa Nyali. Kila nyumba ilichota kana kwamba kisima ni chake peke yake, ilhali hapajapata kuwapo visima vingi. Kipo kimoja tu, chenye midomo mingi.

Wala si kwa israfu peke yake watu wanachimba. Mombasa haina mto, na mji huu, ambao ulikuwa na watu 1,208,333 katika hesabu ya mwaka 2019, hunywa maji yatokayo mbali: chemchemi za Mzima zilizoko Tsavo, ambazo maji yake yaliunganishwa na mji kwa mabomba katika miaka ya 1950, na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Maji hayo hayatoshi, na bomba hukauka kwa siku kadhaa. Hapo ndipo mwenye nacho humwita mchimbaji mwenye mashine, na asiye nacho hurudi kwenye kisima cha baba yake.

Kutoka Nyali niliacha barabara kuu nikashika vichochoro vya Kisauni. Majina ya mitaa ya huku ni kama daftari la mambo yaliyopita: Kiembeni, Mwembelegeza, Kisimani. Miembe mingi imeondoka na majina yamebaki, kama pete iliyobaki kidoleni baada ya talaka. Nyumba zimesongamana, ukuta wa huyu ukiwa mgongo wa yule, na kati yake hupita wasukuma mikokoteni wakiuza maji kwa mtungi wa lita 20, wakipiga kelele ya kuomba njia.

Nyuma ya nyumba moja ya makuti nilimkuta ajuza akisuka ukili. "Shikamoo, bibi," nilimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Watoka wapi na jua hili?"

Nilimweleza haja yangu, naye, badala ya kunishangaa, aliinuka kwa mkono wa mlango akaniongoza mpaka kisimani. Kilikuwa kisima kizuri, kimejengewa ukingo wa mawe ya kuchonga, na kamba imekula jiwe mpaka imeacha mifereji. Nilitazama huku na huku, nikaona choo cha shimo kilichozungushiwa mabati, nikahesabu hatua kutoka kisima hadi choo: nane. Nikahesabu hadi choo cha jirani: sita. Nikatoa kikombe changu. Lakini bibi alikifunika kikombe kwa kiganja.

"La, mjukuu wangu. Hayo ni ya kufulia na kuoshea sakafu. Ya kunywa twanunua ya mkokoteni. Mwaka wa mvua kubwa watoto watatu wa nyumba hii walishikwa na tumbo kwa maji haya haya."

Jiwe linywalo mvua kwa pupa halichagui linywacho. Yashukayo kutoka chooni hupita katika matundu yale yale ambayo maji ya mvua hupitia, na safari ya hatua nane ndani ya sifongo si safari ya kuyasafisha. Nilimuuliza bibi, labda kwa ujinga wa mtu wa kisiwani, kwa nini wasijenge choo chenye tangi la saruji lililozibwa chini, litakalonyonywa na lori linapojaa. Alicheka kicheko kisichokuwa na furaha ndani yake.

"Nyumba hii ni yangu," alisema, "na minazi ile miwili ni yangu, aliipanda marehemu mume wangu. Lakini kiwanja si changu. Kodi ya ardhi nalipa kila mwezi, na risiti ninazo ndani ya kasha. Siku akija mwenyewe na hati yake akaniambia niondoke, makuti nitayavua na boriti nitazing'oa. Je, tangi la saruji nitalibeba kichwani?"

Nimesoma vitabu kadha wa kadha juu ya milki ya ardhi katika mwambao, na sikuona mahali ambapo jambo hili limeelezwa kwa ufupi na uwazi kuliko alivyolieleza ajuza yule. Katika ada ya pwani, ardhi ni kitu kimoja na kilichosimama juu yake ni kingine. Mtu aweza kumiliki mnazi katika shamba la mwingine, na nyumba katika kiwanja asichokimiliki, na kwa zama nyingi ada hiyo ilipatanisha watu kwa sababu ardhi ilikuwa nyingi na waliokaa walijuana. Kisha Sultani wa Zanzibar akaukabidhi kwa Uingereza utawala wa ukanda wa maili 10 wa mwambao mwaka 1895, na mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi, ikimtaka kila mwenye madai katika ukanda huo ayalete yaandikwe. Na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ni ya Serikali ya Kiingereza. Walioishi karibu na liwali na kadhi, wenye kujua kalamu, waliisikia mbiu hiyo wakaenda. Lakini wengi waliokaa vijijini, hasa Wamijikenda, ambao ushahidi wa milki yao ulikuwa makaburi ya babu zao na miembe waliyoipanda, hawakuwa na karatasi ya kuonyesha, na mwembe haukukubaliwa kuapa mahakamani. Siku moja walilala wenyeji, wakaamka wapangaji.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi kama habari ya dhuluma, nayo ni ya dhuluma; lakini nilikuwa sijapata kuitazama kama habari ya maji. Mtu asiye na amani ya kesho hajengi kitu cha miaka hamsini. Atachimba choo kifupi, kwa kuwa kifupi chatosha kwa kodi ya mwezi. Hatapanda mti uchukuao miaka kumi kuzaa. Hatajenga birika la kukinga mvua ya masika, ijapokuwa mvua yenyewe yamwagika juu ya paa lake bure. Naye mwenye hati, aliyeko mbali, haoni sababu ya kutia fedha katika mahali asipolala. Huridhika kuongeza wapangaji, na kila mpangaji huja na shimo lake. Hivyo sheria iliyoandikwa kwa wino mwaka 1908 imekuwa ikishuka chini polepole, kwa muda wa zaidi ya karne moja, mpaka imefika kwenye maji, na watoto wa bibi yule wameinywa.

Niliendelea hadi Bamburi, nikakusudia kushuka pwani nitie miguu yangu majini. Lakini njia niliyoipita utotoni nikiwa na wenzangu ilikuwa imekomea katika ukuta mweupe. Mvuvi mmoja aliyebeba malema mawili begani aliniambia ya kuwa tangu ukuta ule usimame yeye huzunguka nusu saa kulifikia dau lake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imetamka wazi kwamba ardhi iliyo kati ya alama ya maji ya kujaa na maji ya kupwa ni ya umma. Lakini sikuona bado sheria imfundishayo mvuvi kupaa. Hatimaye tulifika sote wawili, nikaona bahari imetulia nyuma ya mwamba, katika maji ambayo sehemu yake ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1986, na mvuvi akanionyesha kwa kidole mahali ambapo matumbawe yaligeuka meupe katika joto la mwaka 1998. Kumbe hata mwamba ulio hai hugeuka.

Jambo lililonishangaza zaidi katika safari hii halikuwa pwani bali nyuma yake, katika matimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. Kiwanda hicho kilianza kutoa saruji mwaka 1954, kikililisha tanuri lake matumbawe yale yale niliyoyaeleza, na sina haki ya kukilaumu kwa ukali, kwa sababu saruji hiyo imo katika nyumba nyingi za nchi hii, pengine na katika nyumba niandikiayo maneno haya. Lakini mahali palipochimbwa pakabaki jangwa jeupe, jiwe tupu chini ya jua tupu, na sakafu yake imeshuka karibu mno na maji ya chini, ambayo nayo yana chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikafa zote isipokuwa tatu, na mmojawapo wa iliyosalia ulikuwa mvinje, ambao kila mtu wa pwani anaujua kwa mluzi wake upepo ukivuma.

Mvinje ulikua, lakini majani yake yaliyo kama sindano yalianguka yakalala juu ya jiwe bila ya kuoza, kwa kuwa ni makali na vidudu havikuyapenda. Mpaka likapatikana jongoo, hili jeusi lenye miguu myekundu ambalo watoto huligusa kwa kijiti ili lijiviringe. Jongoo liliyala majani yale, na katika mavi ya jongoo ukapatikana udongo, na katika udongo ikaota miti mingine, na katika miti wakaja ndege. Leo pana msitu, twiga na viboko. Na humo ndimo alimoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi mwezi wa Disemba mwaka 2004, akafanya urafiki na kobe mkongwe aitwaye Mzee, hata habari yao ikaenea duniani.

Wageni walikuwa wakiwapiga picha twiga. Mimi niliketi kando ya dimbwi, kwa maana nilitambua ya kuwa maji yale ya kijani, yaliyofunuliwa na shoka la kiwanda, ni maji yale yale yaliyositirika chini ya Kisauni. Hapa tu yameonyeshwa uso. Na nikauliza moyoni: ikiwa jiwe lililochunwa ngozi limeweza kurudishiwa udongo, kwa nini uwanja wa bibi usiweze? Jibu halikuwa mbali. Mwenye timbo alikuwa na hati, na mwenye hati aweza kumngoja jongoo. Aliweza kupanda aina 26 za miti akapoteza 23 na asifukuzwe. Aliweza kuhesabu kwa miaka, wakati bibi anahesabu kwa risiti za mwezi. Hekima ya Haller ilikuwa kubwa, nami naiheshimu. Lakini hekima hiyo, ingetiwa katika kichwa cha mtu atakayeambiwa ahame Ijumaa ijayo, ingeota nini?

Jua likipinduka nilipanda matatu kwenda Mtwapa, nikavuka mkono wa bahari nikiitazama mikoko, michu na mikandaa iliyosimama matopeni. Hii ndiyo iliyozipa nyumba za Mji wa Kale boriti zake na ikasafirishwa kwa majahazi mpaka Arabuni, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982. Shoka limepungua, lakini yamekuja mengine: majengo makubwa ya ukingoni huteremsha maji machafu humo, na mji wa Mtwapa, ulioko upande wa Kilifi, umekua kwa haraka kuliko mifereji yake. Mikoko huchuja kwa kadiri ya uwezo wake, kama mama achambuaye mchele uliojaa mawe. Lakini hata subira ya mama ina kikomo.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa mawe ulioishi katika karne ya 14 na kuhamwa katika karne ya 15. Nilitembea baina ya kuta zake chini ya mibuyu mpaka msikiti ulio karibu na bahari, ambao birika lake la kutawadhia lingaliko. Wataalamu wa mambo ya kale hawana hakika ni kwa nini watu wake waliondoka. Hukisia kwamba pengine biashara ilikatika, pengine adui alikuja, pengine maji yalikoma. Niliketi ukingoni mwa birika lile, nikakitoa kikombe changu ambacho siku nzima hakikuwa kimepata tone, nikakitazama, nikakirudisha mkobani.

Nilirudi Mishomoroni baada ya Isha, nikawakuta binamu yangu na majirani wa zile nyumba saba wamekaa barazani wakinisubiri. Walikuwa wamepatana kuchanga fedha, wajenge birika moja la kukinga mvua na choo kimoja cha tangi lililozibwa, vya nyumba zote, na kukifunika kile kisima mpaka kipumzike. Fundi ameshapima, saruji imeshaulizwa bei. Lililobaki ni ruhusa ya mwenye ardhi, ambaye hakuna hata mmoja wao aliyepata kumwona, na ambaye hupelekewa kodi kwa mkono wa wakala.

"Wewe ndiwe mwenye kalamu," alisema binamu yangu. "Tuandikie. Muombe kwa maneno mazuri, atuachie miaka kumi tu."

Shemeji alileta taa na karatasi, kisha akaniwekea kikombe cha chai pembeni. Niliandika salamu, nikaandika majina ya wenye nyumba saba kwa taratibu, nikaanza kueleza habari ya kisima tangu siku ami yangu alipolipiga jiwe kwa mtaimbo. Barua ilipokamilika ilikuwa na kurasa tatu, na chai, ambayo ilikuwa na chumvi kama ile ya asubuhi, nilikuwa nimeimaliza.